Siku Moja Kisiwani: Kuchagua Ziara, Kupanda Boti na Kuingia Majini

Wengi wetu hupanga safari ya kisiwani kwa kuanzia kwenye picha: mchanga mweupe, maji ya rangi ya feruzi, boti iliyotulia juu ya kivuli chake. Picha hiyo ilipigwa saa fulani, maji yakiwa kimo fulani, upepo umelala. Ukifika saa nyingine unaweza kukuta tope na mawe, na boti imesimama mbali huko, mnaifuata kwa miguu mkibeba mabegi kichwani. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na maji, kisha unakuja kwa mtu atakayekuongoza. Michezo yenyewe inafuata baadaye, kwa sababu utamu wake unategemea hayo mawili.

Hatua ya 1: Tazama maji kabla hujatazama bei

Katika sehemu nyingi za bahari ya tropiki maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kati ya kujaa kumoja na kunakofuata hupita kama saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku ratiba husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Safari iliyofaa kuanza saa mbili asubuhi Jumatatu inaweza kuwa haifai kabisa saa hiyohiyo ikifika Jumamosi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana, hupwa sana, na mikondo hupata nguvu. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa hupungua na bahari hupoa. Kwa mtu anayeingia na miwani ya majini kwa mara ya kwanza, siku za maji mafu ndizo bora. Anayetaka kusimama juu ya fungu la mchanga katikati ya bahari aombe bamvua, maana ndiyo inayoliibua. Zipo pia bahari zenye tofauti ndogo. Katika visiwa vingi vya Karibea haifiki hata nusu mita, na huko hesabu hii haina uzito sana.

Jambo la pili kuhusu maji ni kwamba hayaendi kwa kasi moja. Tangu yaanze kujaa mpaka yafike kikomo ni kama saa sita, na kasi kubwa iko katikati, saa ya tatu na ya nne. Mwanzoni na mwishoni husimama kidogo. Kipindi hicho cha kusimama ndicho cha kuogelea juu ya mwamba wa matumbawe, hasa karibu na mlango wa bahari kati ya visiwa viwili, mahali ambapo mkondo unaweza kumshinda muogeleaji hodari. Muulize mwenye ziara: "Siku hiyo maji yanajaa saa ngapi, na sisi tutakuwa mwambani saa ngapi?" Mtu anayeijua bahari yake atakujibu hapohapo, au atafungua jedwali la maji akuonyeshe. Akikuambia kila siku ni sawa, tafuta mwingine.

Upepo nao una saa zake. Nchi kavu ikishapata joto la jua, upepo wa baharini huamka na kuongezeka mchana. Asubuhi ndiyo tulivu, na maji huwa hayajavurugwa. Mimi hupendelea ziara inayoanza mapema kuliko ile ya kuanza saa nne, hata kama inanilazimu kuamka gizani.

Hatua ya 2: Mchunguze anayekuongoza

Usiagize ziara kwa kubonyeza kitufe tu. Piga simu au nenda mwenyewe, uulize, na usikilize namna unavyojibiwa.

Uliza kwanza mwongozaji mmoja anachukua wageni wangapi majini. Kwa wasiozoea, mimi nikisikia zaidi ya wanane huingiwa na wasiwasi, kwa sababu macho mawili hayawezi kufuatilia vichwa kumi na tano vinavyoelea vikitazama chini. Uliza nani anabaki kwenye boti wageni wakiwa majini. Lazima abaki mtu anayeweza kuiwasha na kuiendesha; boti isiyo na mtu haiwezi kumfuata aliyechukuliwa na mkondo. Uliza kama wana redio au simu inayoshika mtandao huko, kisanduku cha huduma ya kwanza, na jaketi la kuokolea linalomtosha kila mgeni wakiwemo watoto.

Kisha kuna swali linalosahauliwa: hali ya hewa ikiharibika, fedha zangu zinakuwaje? Mwenye boti anayerudisha fedha au kubadilisha tarehe bila ugomvi hana sababu ya kulazimisha safari. Yule ambaye kuahirisha kunamtia hasara atashawishika kutoka hata mawimbi yakiwa makubwa. Jibu la swali hili linakueleza usalama wako kuliko maneno yote ya tangazo.

Uliza pia boti inafungwaje ikifika mwambani. Penye utaratibu mzuri kuna maboya yaliyowekwa maalumu, boti inafungwa hapo na nanga haigusi matumbawe. Nanga moja iliyotupwa ovyo inaweza kuvunja kwa dakika moja kilichochukua miaka mingi kukua: matumbawe makubwa ya mviringo hukua chini ya sentimita mbili kwa mwaka.

Hakikisha kisiwa chenyewe kiko wazi na unajua masharti yake. Sheria za visiwa hubadilika. Ghuba ya Maya nchini Thailand ilifungwa Juni 2018 baada ya matumbawe yake kuharibiwa na wingi wa boti na watu, ikafunguliwa tena Januari 2022 kwa masharti mapya. Boti hazitii nanga tena ndani ya ghuba. Ulizia ada ya hifadhi kama imo ndani ya bei au utadaiwa ukifika, na kama picha za droni zinaruhusiwa.

Ahadi moja ikusukume mbali: "Pomboo utawaona, ni uhakika." Wanyama wa baharini hawana ratiba. Anayeahidi hivyo mara nyingi ni yule anayewafukuza kwa boti mpaka waonekane.

Hatua ya 3: Sema ukweli kuhusu mwili wako

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Kutojua kuogelea si aibu, na hakukuzuii kufurahia siku hii, ila mwongozaji lazima ajue kabla hamjaondoka. Kuna watu husema "najua kidogo" wakimaanisha waliwahi kusimama kwenye bwawa lenye maji ya kifuani. Kwenye kina kirefu, mbali na ukuta wa kushika, hilo ni jambo tofauti kabisa. Mwambie waziwazi: siwezi kuelea bila kushika kitu. Atakupa jaketi, atakupa boya la kushika, atakaa karibu nawe.

Mwenye pumu, maradhi ya moyo, kifafa, shinikizo la damu au mimba azungumze na daktari kabla ya kulipia. Kupumua kupitia bomba huku kifua kikibanwa na maji ni kazi kwa moyo na mapafu, hata kama uso wa maji umetulia. Mwenye mafua au masikio yanayouma aache kuzamia siku hiyo, akae juu.

Kama bahari hukulevya, meza dawa yake kama saa moja kabla ya kupanda boti, kwa ushauri wa mfamasia. Ukingoja mpaka tumbo limeanza kuchafuka umechelewa. Jua pia kwamba dawa nyingi za aina hiyo huleta usingizi. Kunywa chai na kula kitu chepesi. Tumbo tupu halisaidii, na lililojaa mafuta ni baya zaidi. Pombe iachwe mpaka mmerudi bara.

Hatua ya 4: Begi

Chukua maji ya kunywa zaidi ya unavyodhani yatatosha, taulo, nguo kavu, kofia yenye kamba, viatu vya majini vyenye soli, dawa zako za kawaida, na mfuko usioingiza maji kwa ajili ya simu. Fedha taslimu kidogo. Vito viache nyumbani: vidole hunywea majini na pete huteleza, na samaki wengine huvutwa na kinachometameta.

Jua linahitaji maelezo zaidi. Anayeogelea kifudifudi huuweka mgongo wake juani kwa saa nzima huku maji yakimpoza, hivyo hasikii akiungua. Sehemu zinazoumia ni shingo kwa nyuma, mgongo, nyuma ya magoti na nyayo. Wenye ngozi nyeusi nao huungua, polepole tu. Mawingu yasikudanganye, miale mingi hupenya. Kinga bora kuliko zote ni nguo: fulana ya kuogelea ya mikono mirefu na suruali nyembamba ya kubana. Ukishavaa hizo, losheni inabaki kwa uso, mikono na miguu tu. Ipake mapema, nusu saa kabla ya kuingia majini, ili isiishie yote baharini.

Soma kilichoandikwa kwenye chupa pia. Palau ilipiga marufuku losheni zenye kemikali zinazohofiwa kudhuru matumbawe kuanzia 1 Januari 2020, na Hawaii ikazuia uuzaji wa zile zenye oksibenzoni na oktinoksati kuanzia 1 Januari 2021. Losheni za oksidi ya zinki zinakubalika mahali pengi zaidi. Huacha weupe usoni, na hilo halina neno.

Hatua ya 5: Itazame boti kabla ya kuipanda

Fika mapema, simama ufukweni na utazame. Je, boti imeinama upande mmoja? Kuna maji mengi sakafuni? Mashine ni moja au mbili, na kama ni moja, kuna kafi, tanga au njia nyingine ya kurudi? Idadi ya watu inalingana na viti? Majaketi yako mahali pa kushikika, au yamefungiwa chini ya mizigo?

Vaa jaketi lako kabla ya kuondoka, hata kama wengine hawavai. Kaza mikanda yote, kisha mwambie mwenzako akushike mabegani mwa jaketi alivute juu. Likipanda mpaka masikioni ni kubwa au limelegea. La mtoto lichaguliwe kwa uzito wake ulioandikwa ndani ya jaketi, na liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Mtoto aliyevalishwa jaketi la mtu mzima anaweza kuteleza chini yake likabaki likielea peke yake.

Mwongozaji mzuri atawakusanya wote hapo ufukweni na kuwaeleza njia, muda, ishara za mikono na la kufanya mtu akipata shida. Sikiliza mpaka mwisho. Asipofanya hivyo, mwombe. Ikiwa bado una mashaka na boti au na anga, una haki ya kubaki. Kupoteza fedha za siku moja ni hasara ndogo.

Hatua ya 6: Njiani

Kaa nyuma au katikati, ambako boti hairuki sana. Omo, yaani mbele ya boti, hupiga mawimbi na huumiza mgongo. Tumbo likianza kugeuka, tazama upeo wa macho, vuta hewa safi, acha simu. Ukihisi kutapika, enda upande ambao upepo unatoka nyuma yako kuelekea baharini, ushikwe na mtu, na usione haya.

Tumieni muda huu kupangana wawiliwawili. Kila mtu awe na mwenzake wa majini, na kila mmoja ajue kazi yake ni kumtazama mwenzake kila baada ya muda mfupi. Rudieni ishara: mkono juu ya kichwa kwa umbo la duara maana yake niko salama, mkono ulionyooshwa ukipunga huku na huku maana yake nisaidieni. Kwa wazamiaji wa mtungi wa hewa, kidole gumba kilichoelekea juu maana yake ni "napanda juu", wala si "mambo mazuri", kwa hiyo msikichezee.

Hatua ya 7: Miwani, bomba na pumzi

Hapa ndipo siku ya watu wengi huharibika, na hapa ndipo ningependa ukae nami kidogo. Anayechukia kuogelea juu ya mwamba, mara nyingi sana, ni mtu aliyepewa miwani isiyomtosha akaambiwa aruke.

Chagua miwani yako mwenyewe, usipokee tu ya kwanza. Iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta pumzi kidogo kwa pua, uachie mikono. Ikibaki imeshika, inakutosha. Ikidondoka, jaribu nyingine. Ondoa nywele zote zilizopita chini ya mpira, maana unywele mmoja unatosha kuingiza maji. Mwenye masharubu atapata tabu. Akipaka mafuta mazito kidogo juu ya mdomo itasaidia. Mkanda ukae juu ya kisogo, kupita juu ya masikio, na usikazwe sana: ukikazwa mpira hukunjika na maji huingia zaidi. Miwani ya bwawani isiyofunika pua haifai kwa kuzamia, kwa sababu mgandamizo wa maji utaibana machoni na huna njia ya kuingizia hewa.

Ili isifanye ukungu, tema mate ndani ya kioo, yasambaze kwa kidole, suuza haraka kwa maji ya bahari na uvae. Njia hii ni ya zamani na inafanya kazi.

Bomba la kupumulia, au snokeli, liwe fupi. La mtu mzima huwa na urefu wa sentimita 40 hivi na halipaswi kuzidi sana hapo. Bomba refu hubakiza ndani yake hewa uliyokwisha kuitoa, ukawa unaivuta tena. Kwa sababu hiyohiyo mimi siishauri barakoa ile inayofunika uso mzima kwa mgeni wa bahari: ikiingia maji au ukiishiwa pumzi ni vigumu kuivua kwa haraka, na zile duni huzungusha hewa chafu ndani.

Sasa anza pale unapoweza kusimama. Uma kipande cha mdomoni kwa meno, kifunge kwa midomo, tumbukiza uso na usifanye chochote isipokuwa kupumua. Vuta taratibu, toa taratibu na kwa muda mrefu zaidi ya ulivyovuta. Moyo utadunda mwanzoni, maana mwili hauamini kwamba unaweza kupumua uso ukiwa majini. Upe dakika chache. Kisha jaribu kujaza bomba maji makusudi na kuyatoa kwa pumzi moja kali na fupi, kama unatamka "tu!" kwa nguvu. Jaribu pia kutoa maji kwenye miwani: inua uso juu, vuta kidogo ukingo wa chini, yatoke. Mambo haya mawili ukiyaweza, hofu nyingi huondoka, kwa sababu maji yakiingia unajua la kufanya. Usikubali kuharakishwa hatua hii. Mwongozaji anayekuacha nyuma kwa kuwa wengine wanasubiri hajui kazi yake.

Mapezi yavaliwe ukiwa umekaa, au ukiwa tayari majini. Ukiwa nchi kavu nayo, tembea kinyumenyume. Piga miguu kutoka nyongani, magoti yakinyooka karibu sawasawa, polepole. Kupiga kama unaendesha baiskeli kunachosha na hakukupeleki mbali.

Anayejua kuogelea vizuri atatamani kupiga mbizi chini. Afungue masikio kwa kubana pua na kupuliza taratibu kila anaposhuka kidogo, kabla hayajaanza kuuma. Kisha kuna hatari ambayo lazima niitaje kwa nguvu: usivute pumzi nyingi za haraka kabla ya kuzama. Kinachokuambia "panda ukapumue" ni kaboni dioksidi inayojikusanya mwilini. Ukiifukuza kwa kuhema kupita kiasi, kengele hiyo hainyamazi tu, bali oksijeni inaweza kuisha ukiwa bado unajisikia vizuri, ukazimia majini bila kishindo. Vijana hodari wamekufa hivyo. Pumzi mbili tatu za kawaida, mwenzako akikutazama toka juu, zinatosha.

Hatua ya 8: Juu ya mwamba

Miamba ya matumbawe inafunika chini ya asilimia moja ya sakafu ya bahari, na bado karibu robo ya viumbe wa baharini huitegemea. Tumbawe ni mnyama, maelfu ya wanyama wadogo juu ya mifupa yao. Usisimame juu yake, usilishike, hata kwa ncha ya pezi. Ukichoka, lala chali au shika boya. Weka mwili mlalo na uwe na maji ya kutosha chini yako. Maji yakipwa sana, toka kwenye mwamba.

Kitu kinachofurahisha kuliko kuogelea huku na huku ni kutulia. Elea mahali pamoja kwa dakika kadhaa. Samaki waliojificha watatoka, utaona kasuku wa bahari wakiguguna mwamba kwa meno yao, na ukitega sikio utawasikia. Mchanga mwingi mweupe unaoukanyaga fukwe za tropiki umepitia matumboni mwa samaki hao. Msiwape mkate wala biskuti. Samaki waliozoea kulishwa huacha kazi yao ya kula mwani unaosonga matumbawe.

Kasa ni mnyama wa kupumua hewa kama wewe. Akipanda, mpishe, usiwe kati yake na anga. Usimguse, usimfuate. Kwa papa nyangumi, waongozaji wa Ningaloo huko Australia hutumia kanuni ya mita 3 kutoka kichwani na mwilini na mita 4 kutoka mkiani, watu wasiozidi 10 kwa wakati mmoja. Ni kipimo kizuri cha kubeba popote. Kwa pomboo, boti izime au ipunguze mwendo na isubiri. Wakitaka watakuja.

Mkondo ukikushika, usipigane nao uso kwa uso. Elea, nyoosha mkono upunge, kisha ogelea kuukata kwa upande. Kazi ya boti ni kukufuata, na ndiyo sababu tuliuliza nani anabaki ndani yake. Ngurumo ikisikika, wote watoke majini.

Hatua ya 9: Michezo mingine

Kayaki na ubao wa kusimama vinaonekana rahisi, na ni rahisi, mpaka upepo ugeuke. Anza kwa kwenda kinyume cha upepo ukiwa na nguvu, ili urudi ukisukumwa nao. Upepo unaotoka nchi kavu ndio wa kuogopa zaidi, kwa kuwa maji ya ufukweni huonekana laini kabisa na kila unapokwenda mbali ndivyo unavyosukumwa. Funga kamba ya ubao mguuni. Ukishindwa kurudi, kaa juu ya chombo chako, usikiache ukaogelea.

Kuzamia kwa mtungi kwa majaribio kunawezekana siku hiyohiyo chini ya mkufunzi mwenye cheti. Umri wa chini kwa kawaida ni miaka 10, kina kisizidi mita 12, na utajaza fomu ya afya. Ijaze kwa ukweli. Kanuni kuu ni moja: usibane pumzi kamwe. Mita 10 chini mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, na hewa iliyobanwa mapafuni hutanuka ukipanda. Pikipiki za majini mimi siziwezi kuzipendekeza karibu na mwamba. Kuna vichwa vya waogeleaji na migongo ya kasa humo.

Hatua ya 10: Ukishuka kisiwani

Ukitembea kwenye maji mafupi yenye mchanga, buruta miguu. Taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hulala chini ya mchanga, na akihisi mtikisiko ataondoka. Akikanyagwa atapiga kwa mwiba. Viatu vinakukinga na yale madude ya mviringo yenye miiba mirefu myeusi. Makombe mazuri yenye umbo la pia usiyaokote: konokono aliyemo ana sumu inayoweza kuua. Hata makombe matupu na vipande vya matumbawe viache, ni nyumba na mchanga wa kesho. Isitoshe, matumbawe magumu yako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, na kuyavusha mpaka bila kibali kunaweza kukuingiza matatani uwanja wa ndege.

Aliyechomwa na taa au samaki-jiwe atumbukize sehemu hiyo katika maji ya moto anayoweza kuvumilia, kama nyuzi 45 za Selsiasi, kwa dakika 30 hadi 90, na maji yajaribiwe kwanza na mkono usioumia. Kisha hospitali. Aliyeguswa na konyeza, kile kiumbe laini kama jeli kinachowasha, atoke majini, asisugue, asioshe kwa maji baridi ya bomba. Mkojo hausaidii. Siki husaidia kwa konyeza wa aina fulani tu, basi mwongozaji wa eneo hilo ndiye wa kufuatwa.

Hatua ya 11: Kurudi

Kabla boti haijaondoka, wahesabuni watu kwa majina. Vaa nguo kavu, kunywa maji, jifunike. Upepo wa jioni juu ya ngozi yenye chumvi hutoa baridi hata kwenye nchi za joto. Takataka zenu zote zirudi nanyi.

Kama ulizamia kwa mtungi, usipande ndege siku hiyo. Mwongozo wa wataalamu wa tiba ya uzamiaji ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja na saa 18 baada ya mbizi kadhaa, na hali ni hiyohiyo kwa barabara inayopanda mlima mrefu. Maumivu ya viungo, ganzi au kizunguzungu usiku huo ni sababu ya kwenda hospitali mara moja, na umwambie daktari kwamba ulizamia. Na aliyemeza maji akakohoa sana asiachwe alale peke yake. Pumzi ikiwa nzito, apelekwe.

Ukiona jaketi lililokatika mkanda au boti inayovuja, mwambie mwenyewe siku hiyohiyo, mbele ya nahodha. Kesho asubuhi kuna wengine wanaipanda.